Kuhema Ngazini kwa Mkimbiaji Mwenye Mazoezi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kisumu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mwanamke mkazi wa Kisumu, mwanachama wa kikundi cha kukimbia ninachokihudumia kama afisa wa kliniki, ambaye alikuwa akimaliza kilomita 21 bila kusimama lakini akafika mahali pa kushindwa kuwasalimia wenzake kazini kwa sababu ya ngazi za ghorofa nne. Ameridhia kisa chake kiandikwe. Jina lake, mwajiri wake, jengo na mwaka vimeondolewa, na baadhi ya maelezo ya nyumbani kwake yamebadilishwa ili yasimtambulishe.

Nimekiandika kwa sababu wakimbiaji wengi huuliza swali lile lile, na jibu wanalopewa mara nyingi ni la kweli lakini halitoshi. Ni kweli kwamba ngazi humfanya hata mtu mwenye mazoezi aheme. Ila ukweli huo ukitumiwa kufunga mazungumzo mapema, unaweza kuficha ugonjwa, na katika kisa hiki ulikaribia kuuficha.

Usuli

Mwenzetu ana umri wa kati ya miaka 35 na 40, uzito wa kilo 60, na watoto wawili. Alianza kukimbia miaka mitatu kabla ya tatizo hili. Kwa wastani alikuwa akikimbia kilomita 35 kwa wiki, karibu zote katika njia tambarare: alfajiri anatoka Milimani, anashuka kuelekea ziwani, anapita eneo la hifadhi ya swala hadi Dunga, kisha anarudi. Siku za Jumamosi alijiunga na kikundi kwa mbio ndefu. Nusu marathoni yake bora ilikuwa ya saa 2 na dakika 2, yaani mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita 10 kwa saa.

Ofisi yake iko ghorofa ya nne katikati ya mji, na kwa kawaida alipanda kwa lifti. Hakuwahi kuvuta sigara, hakuwa na pumu, na katika familia yake hakuna aliyefariki ghafla akiwa kijana wala mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana.

Mambo yalivyotokea

Lifti iliharibika mwanzoni mwa msimu wa mvua ndefu na ikakaa miezi kadhaa bila kutengenezwa. Asubuhi mwenzetu alikuwa akishuka kwenye tuktuk mlangoni mwa jengo, akiwa na begi la kompyuta begani, na kuanza kupanda moja kwa moja kwa mwendo wake wa kawaida. Katika ghorofa mbili za kwanza hakuona taabu. Kufikia ya tatu mapaja yalikuwa yakiwaka, na alipofika ya nne alilazimika kushika reli na kusimama. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba kuhema kwenyewe hakukufikia kilele alipokuwa akipanda, bali baada ya kusimama, sekunde chache tu kabla ya kuingia ofisini ambako watu walikuwa wakimngoja awasalimie. Alianza "habari za asubuhi" na ikamkatikia katikati. Mzee mmoja wa idara yao, ambaye anamheshimu, alimwambia kwa upole, "Binti yangu, si wewe ndiye unayekimbia mpaka Dunga? Mbona ngazi hizi zinakutoa roho?"

Maneno hayo yalimuuma. Kuanzia hapo akawa anafika mapema, kabla ya wengine, ili ahemee mwenyewe pale juu hadi pumzi irudi.

Katika wiki zilizofuata aliongeza mazoezi, kwa kuamini kwamba pumzi yake ni haba. Alipandisha kilomita zake kutoka 35 hadi karibu 50 kwa wiki, zote kwenye njia ile ile tambarare. Baada ya mwezi mmoja na kidogo ngazi zilikuwa zimezidi kuwa nzito, usingizi hauburudishi, na mbio ya Jumamosi aliimaliza akiwa nyuma ya watu aliokuwa akiwaacha.

Hapo ndipo alipokwenda kwenye kituo cha afya. Shinikizo la damu lilikuwa 118/74. Kifaa cha kubana kidoleni kilionyesha kwamba oksijeni kwenye damu ni asilimia 97. Kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa sawa, na kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea. Aliambiwa kwamba yuko salama na kwamba ngazi humchosha kila mtu. Alirudi nyumbani akiwa ametulia kwa siku chache, kisha wasiwasi ukarudi kwa sababu hali haikubadilika.

Kwenye kikundi kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni umri, wengine wakasema ni joto la Kisumu, na mmoja aliyelelewa Eldoret akataja mwinuko. Hoja ya mwinuko niliiondoa mapema. Kisumu iko takriban mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina shinikizo pungufu kidogo kuliko la pwani, lakini mtu aliyeishi na kukimbia hapo kwa miaka hawezi kuanza kuathiriwa na mwinuko huo ghafla katika msimu mmoja.

Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

Aliponifuata, uamuzi wa kwanza ulikuwa kutompima chochote kabla ya kumsikiliza. Mtu akisema "naishiwa na pumzi kwenye ngazi," swali linalofuata halipaswi kuwa kama anahema, kwa maana kila anayepanda kwa kasi huhema. Maswali yenye faida ni mawili: pumzi inachukua muda gani kutulia, na je, hali hii ni mpya?

Jibu la swali la pili ndilo lililobadilisha mwelekeo wa kazi yote. Alikumbuka kwamba mwaka uliotangulia stima ilipotea kwa karibu wiki moja na lifti haikufanya kazi. Alipanda ngazi zile zile, akahema, lakini aliingia ofisini akizungumza. Ngazi hazikuwa zimeongezeka, wala uzito wake. Kwa hiyo kuna kitu mwilini mwake kilichobadilika, na maelezo ya kwamba "ngazi humchosha kila mtu" hayawezi kueleza mabadiliko, kwa sababu ngazi zilimchosha kila mtu hata mwaka uliopita.

Nilimwomba anionyeshe kumbukumbu za saa yake ya kukimbilia. Kwenye njia ya Dunga, kwa mwendo wa taratibu wa dakika 6 na nusu kwa kilomita, mapigo yake ya moyo yalikuwa wastani wa 142 kwa dakika mwaka uliopita. Sasa yalikuwa 158 kwa mwendo ule ule. Nusu marathoni yake ya mwisho ilikuwa imerudi nyuma hadi saa 2 na dakika 9, naye alikuwa amelilaumu jua. Takwimu zote hizo zilikuwa mkononi mwake kwa miezi, ila zilipanda kidogo kidogo kiasi kwamba hakuna siku moja iliyomshtua.

Kisha nikamtazama. Upande wa ndani wa kope za chini ulikuwa umefifia, na mistari ya viganja haikuwa na wekundu. Nilipomuuliza kama kuna kitu kisicho chakula anachopenda kutafuna, alinyamaza kidogo, akafungua mkoba na kutoa kipande cha karatasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni Kibuye, moja likiwa limeng'atwa pembeni. Alianza kuyala alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili, akaacha, na mwaka huo hamu ikarudi kwa nguvu. Aliona aibu kulisema mbele ya daktari. Hamu ya kula udongo huandamana mara nyingi na upungufu wa madini ya chuma, na kwa wanawake wa Kanda ya Magharibi ni swali linalostahili kuulizwa kila wakati, kwa heshima na bila kumcheka anayejibu.

Jambo la mwisho lilijitokeza tulipozungumzia hedhi: kwa zaidi ya mwaka ilikuwa nzito, yenye mabonge, na ya siku nyingi kuliko zamani. Alidhani ni umri.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumpima kwenye ngazi zenyewe, siku ambayo hakuwa na maumivu ya kifua, kizunguzungu wala mapigo yasiyo na mpangilio, na huku mtu akiwa naye. Nilihitaji kujua ni sehemu gani ya kuhema kwake ni ya kila mtu na ni sehemu gani ni yake peke yake. Tuliwaomba wakimbiaji wengine wawili wenye umbo na kasi zinazokaribiana na zake wapande pamoja naye, kila mmoja kwa zamu, kwa mwendo wa kawaida na baadaye kwa mwendo wa pole. Kipimo cha pumzi kilikuwa rahisi: mtu aseme "Habari za asubuhi, mmeamkaje nyumbani, watoto hawajambo?" kwa mkupuo mmoja bila kuvuta hewa katikati.

Wote watatu walihema. Hilo liliwashangaza wale wenzake wawili, ambao mmoja wao hukimbia nusu marathoni chini ya saa moja na dakika 50. Lakini waliweza kuitamka salamu nzima kabla ya dakika moja na nusu kwisha. Mwenzetu, aliyepanda kwa sekunde 45 kama wao, alifika juu mapigo yakiwa 171, na baada ya dakika 2 yalikuwa bado 132. Salamu ilimtoka nzima ilipokaribia dakika ya nne. Alipopanda pole, kwa sekunde 80, hali ilikuwa nafuu sana.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuagiza kipimo kamili cha damu pamoja na feritini, ambayo huonyesha akiba ya chuma mwilini, kipimo cha choo kwa ajili ya safura (minyoo inayonyonya damu) na kichocho, na kipimo cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kwa kuwa magonjwa haya hayako mbali na watu wa kandokando ya ziwa. Nilisikiliza pia moyo kwa makini, kwa sababu ugonjwa wa vali za moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni bado unawapata vijana na watu wazima nchini, na wakati mwingine dalili yake ya kwanza ni kuishiwa na pumzi kwenye mwinuko. Sikusikia mvumo wa kutilia shaka.

Kwa nini ngazi ni nzito kwa kila mtu

Kabla ya majibu ya damu, inafaa kueleza ile sehemu ya kuhema ambayo ni halali ya mwili wenye afya, kwa sababu bila kuielewa mtu hawezi kupima kilichozidi.

Kila ghorofa ya jengo hilo ina vidato 20 vya takriban sentimita 17, kwa hiyo ghorofa nne ni kama mita 13 na nusu za kwenda juu. Kuinua kilo 60 kwa urefu huo kunahitaji kazi ya takriban jouli 8,000. Akipanda kwa sekunde 45, misuli yake inatoa karibu wati 180 za kazi halisi, na kwa kuwa mwili hugeuza takriban robo tu ya nishati yake kuwa kazi, unalazimika kutumia karibu wati 700. Ukibadilisha hesabu hiyo kuwa oksijeni, ni takriban mililita 39 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, kiasi ambacho kiko karibu na kile cha kukimbia kilomita 10 hadi 11 kwa saa kwenye tambarare. Kwa maneno mengine, ngazi zilikuwa zikimdai kasi yake ya mashindano akiwa ametoka kuketi kwenye tuktuk. Kama angepanda kwa sekunde 32, kama vijana wa ofisi yake wanavyofanya wakiruka vidato viwili viwili, dai lingefika sawa na kukimbia kilomita 15 kwa saa, kasi ambayo hawezi kuishikilia hata akiwa ameshapasha mwili moto. Begi la kilo chache begani linaongeza gharama hiyo.

Ugumu wa pili ni wa muda. Moyo, mapafu na misuli haviruki kutoka mapumziko hadi kazi nzito kwa mara moja. Mtu anapoanza kazi ghafla, matumizi ya oksijeni hupanda polepole na huchukua dakika 2 hadi 3 kufikia kiwango kinachohitajika, hata kwa mtu mwenye mazoezi, ingawa yeye hufika mapema zaidi. Katika muda huo wa mwanzo misuli hutumia akiba yake ya nishati ya haraka na kuvunja sukari bila kungoja oksijeni, jambo linaloongeza asidi na kaboni dioksidi kwenye damu. Ngazi za ghorofa nne huisha kabla mwili haujaifikia kasi ya ugavi. Mtu anafika juu akiwa na deni, na deni hilo hulipwa akiwa amesimama. Ndiyo maana pumzi hupanda zaidi baada ya kusimama. Mkimbiaji hakutani na hali hii barabarani kwa sababu huanza polepole, mara nyingi kwa kutembea kwanza, na kufikia kilomita ya pili ugavi na matumizi vimeshalingana.

Tena, kinachosukuma kuhema hapo si ukosefu wa oksijeni kwenye damu kama wengi wanavyodhani. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, kiwango cha oksijeni kidoleni hubaki karibu pale pale hata akiwa anatweta. Kinachouamuru mwili upumue kwa nguvu ni hasa kaboni dioksidi na asidi iliyoongezeka, pamoja na taarifa zinazotoka kwenye misuli inayofanya kazi.

Ugumu wa tatu uko kwenye miguu yenyewe. Katika kukimbia, kila hatua huinyoosha kano ya kisigino na kuifanya irudishe sehemu ya nguvu iliyopokea, kwa hiyo misuli haianzi upya kila mara. Kwenye kidato hakuna cha kurudishwa. Misuli ya paja la mbele na ya makalio inapaswa kuuinua mwili mzima kwa nguvu ya moja kwa moja, mguu mmoja kwa wakati, goti likiwa limekunjwa zaidi kuliko linavyokunjwa barabarani. Mkimbiaji wa tambarare anaweza kuwa na moyo bora na bado mapaja yake yakawa hayajazoea kazi ya namna hiyo. Njia ya Dunga haina kilima cha kutaja. Kwa hiyo kuongeza kilomita 15 kwa wiki kwenye njia hiyo kulimzoeza kile alichokuwa nacho tayari na kumwacha mikono mitupu katika kile alichokikosa.

Kipimo kilichorukwa

Majibu yalikuja siku mbili baadaye. Himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, ilikuwa gramu 10.4 kwa desilita, wakati mpaka wa Shirika la Afya Duniani kwa mwanamke asiye mjamzito ni 12 kwenye usawa wa bahari, na mpaka huo husogezwa juu kwa wakazi wa miinuko. Chembe nyekundu zilikuwa ndogo kuliko kawaida. Feritini ilikuwa 7, chini ya nusu ya kiwango cha 15 ambacho chini yake akiba ya chuma huhesabiwa kuwa imekwisha. Safura, kichocho na selimundu havikuonekana.

Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Kwa himoglobini ya 13, kila mililita 100 za damu hubeba karibu mililita 17, kwa 10.4, hubeba karibu 14. Upungufu huo wa moja ya tano haumzuii mtu kukimbia taratibu, kwa sababu moyo huongeza mapigo kufidia, na hilo ndilo lililoonekana kwenye saa yake. Pia barabarani ana nafasi ya kupunguza kasi bila hata kujua kwamba amepunguza. Kwenye ngazi nafasi hiyo ni ndogo: urefu ni ule ule, uzito ni ule ule, na kama anapanda kwa mwendo aliozoea, dai la oksijeni halipungui hata nukta. Kwa hiyo ngazi zilitangulia kuonyesha tatizo ambalo mbio ndefu zilikuwa zikilifunika.

Inafaa pia kueleza kwa nini kifaa cha kidoleni kilimtuliza bure. Asilimia 97 inasema kwamba himoglobini iliyopo imejaa oksijeni. Haisemi iliyopo ni kiasi gani. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kuonyesha asilimia 97 au 98. Kituo kile kilipima moyo, shinikizo, oksijeni na malaria, vyote vya maana, lakini kipimo cha damu ambacho ni cha bei nafuu na kinapatikana karibu kila maabara hakikuagizwa. Nadhani sababu ni kwamba aliyekuwa mbele yao alionekana mwenye afya tele, amevaa viatu vya kukimbilia, na amesema mwenyewe kwamba hukimbia kilomita 21.

Matibabu na matokeo

Alianzishiwa vidonge vya chuma, kimoja kila baada ya siku moja badala ya kila siku, kwa sababu kwa wanawake wenye upungufu wa chuma mpangilio huo hufyonzwa vizuri kwa kila kidonge na hupunguza maumivu ya tumbo. Alielezwa kwamba choo kitakuwa cheusi na asishtuke. Alitakiwa kumeza kidonge pamoja na maji ya machungwa, na chai aiweke mbali nacho kwa saa moja au mbili, kwa kuwa chai huzuia ufyonzaji wa chuma. Hilo la chai lilikuwa gumu kwake kuliko vidonge. Nyumbani kwake chai ya maziwa huambatana na kila mlo, na mboga za kienyeji na dengu alizokuwa akila kwa bidii zilikuwa zikinyimwa sehemu ya faida yake na kikombe kilichokuwa kando ya sahani. Aliongeza omena na, mara moja kwa wiki, maini. Vilevile tulizungumzia unga: sheria ya Kenya tangu 2012 inataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe chuma, lakini wa posho mill, anaoutumia, hauongezwi. Hakuuacha, nami sikumsukuma, kwa kuwa vidonge vilikuwa vikifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Alipelekwa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, ambaye kwa picha alikuta uvimbe mdogo wa kizazi na kumpa dawa ya kupunguza damu ya hedhi. Bila hatua hiyo vidonge vingekuwa vikijaza mtungi uliotoboka.

Kilomita zilishushwa hadi 25 kwa wiki, zote za pole. Mazoezi ya mapaja, yaani kupanda na kushuka benchi imara na kuchuchumaa kwa mguu mmoja akijishikilia, hayakuanza hadi wiki ya sita, himoglobini ilipokuwa imevuka 12. Baadaye, mara moja kwa wiki, alipelekwa kwenye mteremko wa Riat kupanda kwa vipande vifupi na kushuka akitembea.

Baada ya wiki nne himoglobini ilikuwa 11.7, na mwishoni mwa mwezi wa tatu 13.0. Mapigo kwenye njia ya Dunga yalirudi 144 kwa mwendo ule ule. Hamu ya odowa ilikwisha mapema kuliko yote, ndani ya wiki chache, hata kabla damu haijafika kawaida. Ngazini, kwa sekunde 45 zile zile, aliitamka salamu nzima dakika moja na sekunde chache baada ya kufika juu. Bado anahema, tena sana, na alisikitika kidogo kusikia kwamba hilo halitaondoka.

Yaliyofaa na yaliyokwama

Kilichofaa kuliko vyote ni ulinganisho. Kama tungempima peke yake tungeona mtu anayehema, na pasingekuwa na namna ya kujua kama kuhema huko ni kwingi au kidogo. Wenzake wawili walitupa kiwango cha kawaida kwenye jengo lile lile, kwa joto lile lile, na yeye mwenyewe wa mwaka uliopita alitupa ulinganisho wa pili ulio bora zaidi. Mtu yeyote anaweza kufanya hivi bila vifaa: achague ngazi moja anayoipanda mara kwa mara, aipande kwa mwendo ule ule, na aangalie ni baada ya muda gani anaweza kusema sentensi ndefu kwa mkupuo mmoja. Muda huo ukirefuka mwezi hadi mwezi bila uzito kuongezeka au mazoezi kupungua, kuna sababu ya kutafuta.

Kilichokwama mapema ni uamuzi wa kuongeza kilomita. Ulitokana na imani iliyoenea sana miongoni mwa wakimbiaji kwamba pumzi ni kitu kimoja, kwamba mwenye nayo kwenye barabara anapaswa kuwa nayo kila mahali, na kwamba dawa ya uchache wake ni kukimbia zaidi. Kwa mtu ambaye akiba yake ya chuma imekwisha, mzigo mkubwa zaidi wa mbio humchosha bila kumjenga, maana chuma kingine hupotea kwa njia ya jasho na kwa chembe nyekundu zinazovunjika miguuni wakati wa kukanyaga. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na kile cha hedhi nzito, lakini kilikuwa kikiondoka kutoka ghala tupu.

Jambo jingine ambalo halikwenda vizuri ni aibu. Alificha kuhema kwa kufika mapema, akaficha odowa, akaficha hedhi. Vitu vitatu vilivyokuwa na majibu ndivyo alivyoona haya kuvitaja, na waliomhudumia kwanza hawakumuuliza. Sioni njia ya mkato hapa isipokuwa sisi tunaouliza tuulize waziwazi, kwa lugha anayoitumia mtu mwenyewe, na kwa utulivu.

Kuhusu mafunzo ya ngazi yenyewe, nina mashaka kidogo kama mteremko wa Riat ulichangia sana. Ulianza damu ikiwa imeshapanda, na siwezi kutenganisha mchango wake na wa chuma. Mapaja yake hayawaki tena kwenye ghorofa ya tatu, na hilo nadhani ni kazi ya benchi na kilima; kurudi upesi kwa pumzi nadhani ni kazi ya damu. Kilichomsaidia mara moja, siku ile ile aliyoelezwa, ni kubadilisha namna ya kuanza: kutembea dakika chache kutoka kituo cha mbali badala ya kushukia mlangoni, kupanda ghorofa ya kwanza pole kuliko anavyotamani, kukanyaga kidato kimoja kimoja, na kutoa hewa kikamilifu badala ya kuishikilia kifuani kama wengi wanavyofanya bila kujua.

Dalili ambazo zingetufanya tuache vipimo vya ngazi na kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo ni maumivu au kubanwa kwa kifua, kuzimia au kukaribia kuzimia, moyo kudunda bila mpangilio, kuvimba mguu mmoja, na kuishiwa na pumzi akiwa amelala chali. Kikohozi na mluzi kifuani vinavyoanza dakika kadhaa baada ya mazoezi vingetuelekeza kwenye pumu. Hakuwa na hata moja kati ya hizo.

Vidonge vinaendelea kwa miezi mingine mitatu baada ya himoglobini kufika kawaida, kwa sababu akiba hujazwa mwisho, na feritini itapimwa tena mwishoni mwa kipindi hicho. Uvimbe wa kizazi utaangaliwa kwa picha baada ya miezi sita. Lifti imetengenezwa, anaitumia asubuhi akiwa na mzigo, na jioni hushuka kwa miguu.